Mzizi wa Mwaka Jana

Nakiru, sikuona. Picha ya mzizi wenye kuvu aliyoniletea Erupe wa kitaluni mwezi uliopita ni ile niliyoipiga mwenyewe mwaka jana. Mkwaruzo uleule kwenye kona. Nami nikamsifu!

Jana nilikuwa Kalobeyei kwa Mathilde, yule mkimbizi kutoka Kongo. Miche yote ya migunga niliyompa kutoka kitaluni imekauka, ingawa ameimwagilia kila siku. Yote!

Leo nimeweka mzizi mmoja chini ya hadubini hapa Lodwar. Hamna ile kuvu inayousaidia mzizi kunywa maji, hata uzi mmoja. Unakumbuka nilivyokueleza: kuvu ikikaribia, protini zinazoishikilia seli ya mzizi hujipanga upya na kuitengenezea njia ya kuingia. Humu hazikujipanga, kwa sababu hakuna aliyebisha hodi.

Nikamwita Erupe. Nikamuuliza kama alitia udongo wa chini ya migunga mikubwa, wenye kuvu hiyo, katika kila mfuko wa miche, nilivyomfundisha.

Akacheka. AKACHEKA, Nakiru.

"Mwalimu, udongo ule uko mbali. Nilijaza mchanga wa mtoni. Nani angejua?"

"Na picha?"

"Si ulitaka picha? Nikakupa picha."

Nikakupa picha! Erupe huyu, niliyemfundisha kutazama kwa hadubini hadi akaona nisichokiona mimi.

Jana Mathilde hakunilaumu. Alisema tu, "Mwalimu, mi niliambiaka majirani, miti yako haitakufa."

Erupe amenirudishia ufunguo wa kitalu. Udongo sasa nachota mwenyewe.