Moto Uliozuka

Jumatatu, 3 Machi
Sijamwambia mtu hili: Ijumaa jioni nilimkuta kaka akifua shati. Kaka! Ambaye hata kikombe chake haoshi. Lilinuka mafuta ya taa. Kesho yake tukasikia kibanda cha vitabu cha Babu Kurasa kimechomwa, naye akiwa ndani. Mikono yote miwili imeungua. Mikono iliyokuwa ikiniazima riwaya bure.

Kosa lake? Kuuza kitabu alichokilaani mhubiri mpya. Kaka hakosi mahubiri yale.

Jumanne, 4 Machi
Shirika la mama la haki za raia linatoa taarifa kuhusu kibanda. Mama huandika, mimi nasahihisha na kuwatumia waandishi wa habari – ndiyo kazi yangu tangu darasa la saba. Imeandikwa "moto uliozuka". Imeandikwa "vijana waliotengwa". Mhubiri hayumo.

Nikamuuliza, moto ulizuka wenyewe?

Akavua miwani. "Mwanangu, tukitaja mahubiri, kesho polisi watazoa kila anayesali. Miaka kumi na tano nawatoa watu selo. Leo niwape polisi rungu kwa mkono wangu?"

Ni kweli. Watu hao nimewaona, na migongo yao yenye makovu. Lakini Babu Kurasa naye anasali! Yeye nani anamtetea?

Jumatano, 5 Machi
Chakula cha jioni. Kaka akaniambia: "Profesa, bado unasoma takataka? Takataka huchomwa."

Mama akacheka kidogo, akanigeukia. "Mwache. Ujana ni moshi."



Alhamisi, 6 Machi
Taarifa inatakiwa saa kumi. Nimeongeza sentensi moja: "Waliochoma walichochewa na mahubiri, na mmoja wao analala nyumbani kwetu." Sikuituma. Niliichapisha kwenye karatasi, nikamwekea mama mezani pamoja na kalamu.

Akasoma. Akarudia. Hakuuliza ni nani. Hakuuliza!

"Shati nililiona kwenye kamba," akasema taratibu. "Nikalianua kabla jirani hajaamka."

Kalamu hakuigusa. Mama yangu, anayewafokea mawaziri – anaikunja na kuikunjua ile karatasi. Nikataka kumkumbatia. Nikataka kupiga kelele.

Saa kumi kasoro dakika tano geti likalia. Kaka akaingia, akauliza kama kuna maji ya kunywa. Mama akamwambia yapo, baba.

Nikaenda kukaa mbele ya kompyuta. Sentensi bado imo. Nikaweka kidole pale pa kutuma, nikamsubiri mama aniambie niifute.