Lile Halikuwa Funza

Amina,

Ukaidi wako ungeondoka nao. Umeuacha hapa nyumbani, mdogo wako Hasani kauokota, na mimi mama yenu nahangaika nao upya. Haya ndiyo mambo gani? Mtu akifa anaacha vyombo na nguo, siyo ubishi.

Nakuandikia kwa mkono wangu. Nilisoma kisomo cha watu wazima tu, unajua, lakini herufi zangu zinasomeka kuliko za wengi waliokalia madawati.

Nikwambie kweli, sijalia. Watu walikuja kutoka Vuga, wengine Rangwi, wakaangusha vilio, mimi nikawa nawatazama kama watu wa kwenye picha. Nasonga ugali wa bada, mkono unasonga wenyewe. Juzi nilikuita uniletee maji. Hukuja. Nikaenda nikachota mwenyewe, basi. Hakuna kilichouma. Ni kama mguu uliokufa ganzi, unakanyaga nao na hujui kama umekanyaga.

Huku kumebadilika. Malori ya kabichi sasa yanafika mpaka shambani kwetu hapa Lukozi, wachuuzi wa Dar wanagombania bei wao kwa wao, wala hayupo tena bwana wa ushirika wa kutupangia. Sabuni iko kila duka, ya kijani, ya manjano, watu wanachagua kwa harufu. Na sisi tulifua kwa majivu! Mitumba ndiyo usiseme, imetandazwa gulioni mpaka njia hakuna. Viatu vyako vyekundu viko chini ya kitanda. Siku ile uliyovinunua Lushoto nilikwambia utatembea na miguu ya mtu usiyemjua, maana vidole vya mzungu vilikuwa bado vimejichora mle ndani. Ukacheka: "Mama, huyu kanilainishia tu."

Nilidhani unajipendezesha. Kumbe unaficha unyayo.

Lilianza doa dogo jeusi, karibu na kisigino. Milima yote hii, doa jeusi unyayoni ni funza, hakuna anayeuliza mara mbili. Ukachukua pini ukachokonoa, ukapaka mafuta ya taa. Alitoka mdudu? Hakutoka. Lilitoka yai? Halikutoka. Funza anawasha, Amina. Funza ana weupe na kitone cheusi katikati, ukimtoa anaacha tundu, na tundu linaziba. Lako halikuwasha. Ulichimba, likarudi, ukachimba tena, likarudi limetanuka, ukingo wake kama jani la kabichi lililoliwa na viwavi. Hapa jeusi, pale kahawia, pale wekundu wa chai ya mkandaa isiyo na maziwa. Ukauingiza mguu kwenye kiatu chekundu ukaenda harusini.

Halafu kinena kikavimba. Wote wakasema mtoki. Mtoki tu, umebeba mizigo mingi, kaa utaondoka. Hilo neno, mtoki tu, akilitamka mtu mbele yangu siku hizi anaondoka na lake. Maana tulipofika hospitali ya Moshi, daktari mwanamke aliyetupokea alikigusa kinena kabla ya kuutazama mguu. Ugonjwa ulishapanda, Amina. Ulipanda wakati tunasubiri mtoki uondoke.

Ulipokuwa umelala baada ya kukatwa lile doa, nilimfuata daktari. Nikamwambia, mwanangu, huu ugonjwa uliouita melanoma nionyeshe sura zake, nizijue kama ninavyozijua sura za wanangu. Hakunidharau. Alivuta kiti.

Akasema ni kansa ya ngozi, na haina sura moja. Iko inayotambaa juu ya ngozi kama maji yaliyomwagika sakafuni, mara nyingi inatokea kwenye waa ambalo mtu alikuwa nalo siku zote, linaanza kutanuka na kubadilika rangi. Iko inayoinuka, uvimbe mgumu kama punje ya fiwi, hiyo haina subira, leo punje, baada ya muda mfupi inatoa damu, na wakati mwingine si nyeusi hata kidogo, ni nyekundunyekundu, watu wanasema jipu. Iko ya usoni, ya wazee wenye ngozi nyeupe waliopigwa na jua maisha yao yote, hiyo huenda polepole. Na iko inayopenda unyayo, kiganja, na chini ya kucha. Akanitazama akasema, "Bibi, sisi watu weusi ikitupata, mara nyingi ni hii." Nikamwuliza jua linafikaje unyayoni. Akasema jua halimo kwenye hii, wala hakuna mtu wa kulaumiwa.

Nikamtolea vidole vyangu. Unaijua ile mistari ya kahawia kwenye kucha zangu, ninayo tangu nikiwa msichana. Nikasema basi na mimi niandike mgonjwa. Akacheka sana. Alisema mistari mingi kwenye kucha nyingi, ya miaka yote, isiyobadilika, ni rangi yetu tu. Wa kuogopwa ni mstari mmoja kwenye kucha moja, uliokuja ukubwani, unaonenepa, na weusi wake unamwagikia mpaka kwenye nyama pembeni ya kucha. Watu wanasema kiatu kimebana. Kucha iliyobanwa na kiatu, damu yake inasogea mbele kucha inavyokua, mwisho unaikata inaisha. Isiyosogea, nenda hospitali.

Sasa hapa nyumbani halali mtu kabla hajanionyesha nyayo. Wanao wameniita Bibi Nyanyua Mguu. Wanacheka, wananyanyua, natazama na taa. Waite watakavyo.

Mmoja tu ndiye hanyanyui. Hasani.

Nilimwona siku ya kupalilia viazi, alivua buti la mpira kutoa kijiwe. Kisigino cha kushoto. Jeusi, pana kama kifungo cha koti, upande mmoja limekatika kama limeng'atwa. Nikamwambia hebu lete. Akarudisha buti haraka: "Rangi ya mpira hiyo, mama." Nikamwambia rangi ya mpira inatoka kwa sabuni, na sabuni siku hizi ipo. Akasema basi ni funza. Nimemzaa mimi, halafu ananiambia funza!

Nilipombana sana ndipo akasema lililo moyoni. Anasema wewe ulikwenda kwa miguu yako, walipotia kisu ndipo ugonjwa ukatawanyika. Anasema dada hakuuawa na doa, aliuawa na kukatwa. Kijiji kizima wanasema hivyo, na wewe haupo wa kuwajibu. Daktari aliniambia, na mimi niliyaona kwa macho yangu, kinena kilivimba kabla ya kisu. Kabla, Amina. Kisu kilichelewa, ndiyo kosa lake pekee. La Hasani pengine si lolote. Pengine ndilo, na bado liko kisiginoni halijaondoka. Hatujui, na kwa pini hatutajua.

Mimi hanisikii. Nimepiga kelele mpaka majirani wamezoea. Lakini wewe ulimbeba mgongoni kabla hajajua kutembea, na kila Ijumaa anapanda huko kung'oa magugu juu yako. Mimi magoti yamekataa kilima hicho. Kwa hiyo karatasi hii nampa yeye akusomee, kwa sauti, mpaka mwisho. Nimemwambia ni salamu.

Lala, mwanangu. Udongo wa hapo ni laini, tumeulima wenyewe. Wanao watakula, watasoma, na nyayo zao nitazitazama mpaka macho yangu yazime. Hilo nimekuahidi, na mimi sibembelezwi kutimiza neno langu. Siku nikilia nitakuambia.

Na wewe Hasani, unayesoma. Usiikunje kwanza. Kaa hapo pembeni ya dada yako, vua buti la kushoto na soksi, ukitazame kisigino kwenye mwanga, usidanganye, hakuna mtu hapo wa kumdanganya. Kisha vaa, teremka barabarani, panda gari la Lushoto, nenda hospitali. Mwambie daktari sitaki dawa ya kupaka, nataka ukate kinyama kidogo kikapimwe. Na ukishuka hicho kilima usipitie nyumbani kuniaga.