Dua ya Mwanasha

Waa, Jumatano, baada ya isha

Sina raha. Mdomo wangu huu.

Alasiri Mwanasha, mke wa mwanangu, alikuwa amempakata mtoto wao mwenye homa, akimwombea kwa Kidigo, lugha yetu ya nyumbani, maneno yake mwenyewe. Wanawake waliokuja kwa maulidi walikuwa barazani wanasikia. Nikaona haya, nikamkemea. "Omba kwa Kiarabu kama watu. Dua hiyo haifiki kwa Mungu."

"Shoga, uhuru tumepata juzi, Kidigo bado kimefungwa?" Mwanakombo jirani akasema. Wakacheka. Mwanasha hakucheka. Tangu hapo hajamwombea mtoto hata neno.

Nami je? Hicho Kiarabu nimekikariri tangu utotoni na maana yake siijui. Shambani, peke yangu na jembe, Mungu nasema naye Kidigo. Hata kumgombeza namgombeza.

Hapa niliweka kalamu, nikaenda chumbani kwao. Nikamshika mtoto paji la uso, nikaomba kwa Kidigo, kwa sauti.

"Mama, na hiyo inafika?" Mwanasha akauliza.

"Nyamaza uitikie amin."

Akaitikia. Samahani bado sijamwomba.