Mkono wa Gauni la Makumbusho

Uko wapi wewe? Acha unachofanya, usome hii. Nimejifungia chooni, hapa makumbusho.

Unalikumbuka lile gauni la bluu ambalo bosi alininyang'anya mezani kabla sijamaliza kulishona? Liko hapa! Limevishwa sanamu, limewashiwa taa sita. Ukutani wameandika bosi ndiye mbunifu, na rafiki yake mchoraji, aliyelimwagia rangi kifuani, ndiye msanii. Mimi fundi? Hata herufi moja.

Sasa sikia. Zile nyuzi nyeupe za bandi begani, nilizoshikizia mkono wa gauni kwa muda nikisubiri kuupiga cherehani, HAZIJATOLEWA. Dada anayetembeza wageni akasema kwa sauti ya msibani, "Nyuzi hizi ni makovu ya mwanamke."

Makovu! Bandi, mwenzangu. Makovu ya mwanamke!

Na watu wazima na miwani yao wanatikisa vichwa. Mama mmoja anafuta machozi.

Uvumilivu ukanishinda. Nikasema, "Dada, hiyo kazi haijaisha," nikavuta uzi mmoja tu, kwa mazoea. Mkono mzima ukaanguka chini.

Mlinzi akanidaka kiwiko. Nikajua leo nalala polisi.

Wakapiga makofi. Narudia: WAKAPIGA MAKOFI. Yule mama wa machozi akaniuliza onyesho langu linaanza tena saa ngapi.

Bosi keshapata habari. Ameandika, "Njoo na sindano, haraka."

Nimemjibu sindano ninayo. Yeye aje na kalamu, pale ukutani nimeona pamebaki nafasi.