Brauza Mpya Haina Maneno Yako

Mpendwa dada Bhoke,

Shikamoo. Kama bado una hasira usiitikie, lakini mimi nimeamkia.

Naandika hapa hadharani, kwenye ukurasa huu ambao watu wa Tarime hubishania mahindi na mpira, kwa sababu njia nyingine zimeniishia. Simu yako haipatikani. Shemeji nikimpigia anajibu "nitamwambia," halafu kimya. Kwa hiyo nawaomba mnaosoma: mtu akifika Nyanungu, aulize kwa Bhoke, nyumba ya pili ukipita josho la ng'ombe, amsomee barua hii mpaka mwisho. Akiinuka kuondoka, mfuate huku unasoma. Ni dada yangu wa tumbo moja, na mimi ni mdogo wake Mwita, yule mwalimu asiyeona.

Habari yenyewe ni ndogo, wengine watacheka. Nimebadilisha brauza. Ile programu ya kuingilia mtandaoni, uliyonipangia wewe kwa mikono yako, imeondolewa kwenye kompyuta yangu na mahali pake imekaa nyingine. Tangu Jumatatu chakula hakipiti. Nikimwambia mtu kwamba sili kwa sababu ya brauza ataniona nimechanganyikiwa. Wewe sikiliza kwanza.

Jumatatu asubuhi mfumo wa kuingizia maksi ulinigomea. Sauti ya kompyuta ikanisomea kwamba kivinjari changu kimepitwa na wakati, nitafute kingine. Maksi za kidato cha nne zilikuwa zinatakiwa Alhamisi, na unajua huku shuleni Serengeti wapo wanaosubiri siku moja tu ya kusema, "Si tulisema, asiyeona ataweza wapi kazi hii?" Nikamwita jirani yangu, mwalimu wa hesabu, mtu mwema tu. Akaja na flashi yake, akaweka brauza mpya. Ikauliza kama ilete vitu vyangu kutoka kwenye ile ya zamani. Akafungua orodha yako ya alama za kurasa aone kuna nini, akaanza kusoma kwa sauti.

"Anza hapa. Maksi, rudia mara mbili. Barua za mkuu, usijibu ukiwa na hasira. Redio, baada ya kazi tu. Huku hakuna kitu, Mwita, rudi."

Hiyo ya mwisho ilimmaliza. Alicheka mpaka akapaliwa. "Mwalimu, alama hizi alikuandikia nani? Bibi yako?"

Ningesema: dada yangu. Maneno mawili tu, yangenigharimu nini? Lakini aibu ilinipanda usoni, nikaona mtu mzima, mwalimu, nimekutwa nimevalishwa bibu. Nikasema, "Aa, takataka za zamani hizo. Futa zote tuanze upya." Akaniuliza, "Una uhakika?" Nikamwambia nina uhakika, fanya haraka. Akafuta. Hakuna aliyenilazimisha, Bhoke. Nimefanya mwenyewe.

Wasiotujua niwaeleze kidogo. Kwetu Wakurya, ng'ombe wanaokuja kumwoa dada ndio kaka yake huoa kwa hao hao. Mimi na wewe tulihesabiwa pamoja tangu utoto: wa Bhoke ni wa Mwita. Ulipoolewa, wazee walikaa pale nyumbani Nyamwaga wakaamua kwamba mimi sitaoa, nani atampa kipofu binti yake, ng'ombe wabaki zizini. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo cha ualimu kwa kusomewa na wenzangu, nimechoka kusomewa. Nikasema, niuzieni hao ng'ombe ninunue kompyuta inayosema. Baba akapandisha mori. "Nimwambie nani kwamba ng'ombe wa binti yangu wamegeuka redio?"

Wewe ulikuwa umekuja kusalimia. Wanaume wamekaa, wewe ukasimama mlangoni ukasema, "Ng'ombe ni wangu. Aoe anachotaka." Lo! Ng'ombe wakauzwa, kompyuta ikanunuliwa. Mpaka leo sijui ulipata wapi kifua cha kusema vile mbele ya wazee, na sijawahi kukuuliza.

Tangu siku hiyo kompyuta ikawa "mke wetu." Ukifika kwangu, kabla hujatua mzigo, "Mke wetu yuko wapi? Mbona hajaniletea chai?" Kwa mila, mke aliyetoka kwenye ng'ombe wako anapaswa kukuheshimu, na wewe uliidai heshima yako yote kwa kitu cha plastiki. Ukiikuta na vumbi unaniambia namtesa, utamrudisha kwao. Nilicheka sana miaka ile. Sikujua kwamba kicheko kama kile kinaweza kuisha.

Na mafunzo ya kompyuta kule Mugumu, unayakumbuka? Siku tatu, na masharti kwamba kila asiyeona aje na mwenye macho. Ulikuja na mtoto mgongoni. Darasa la saba lako lile lile, na siku ya pili ulikuwa unamwambia mwalimu, "Hapana, amebonyeza kimoja zaidi." Ulishika kidole changu cha shahada ukakikandamiza kwenye kibodi. "Hapa pana kipele, na hapa pana kingine. Ukipotea rudi kwenye vipele." Tulipofika nyumbani kwangu nikapotea mara kumi kwa saa moja, na kila ukurasa niliopotelea uliuwekea alama na kuiandikia maneno ili nisipotee tena. Ulikuwa unaandika kwa kidole kimoja, polepole, mtoto analia, ugali unaungua. Nami nikikuharakisha unasema, "Tulia, namwandikia mtu asiyesikia la mtu."

Miaka sita, Dada. Kila asubuhi nikibonyeza kitufe, ile sauti ya kompyuta, ambayo hata jina langu inalitafuna kama muwa, ilinisomea maneno yako. Anza hapa. Nami nikaanza.

Sasa nifike pale pabaya, maana nisipopafika mimi hakuna atakayenifikisha.

Likizo ile ya Juni, miaka miwili iliyopita. Walimu wenzangu wawili walikuwa wamekaa kwangu tunatunga mtihani. Ukafika kutoka Nyanungu na ndizi zako, ukamkuta "mke wetu" na vumbi, ukachukua kitambaa kibichi ukaanza kufuta kibodi. Ikalia. Nikabonyeza nitafute mtihani, siuoni. Kazi ya siku mbili. Nilipiga kelele, Bhoke. Mbele ya wageni nilikwambia hujasoma, hujui kitu, unashika kitu cha watu kama unasugua sufuria. Wewe ukauliza kwa sauti ya chini, "Kitu cha watu?" Hapo ndipo mwenye akili angenyamaza. Mimi nikaendelea, nikasema siku hizi najiweza, rudi kwako.

Ulitoka bila kunywa chai, na mvua ilikuwa inanyesha.

Kuna jambo hujui. Mtihani haukupotea. Niliukuta jioni ile ile, ulikuwa umejihifadhi mahali pengine, mzima, hata nukta haikupungua. Na sikukupigia. Nikasema nitampigia kesho. Kesho ikawa wiki, wiki ikawa aibu, na aibu ikikaa inaota mizizi. Mkurya mimi, kubembeleza sikufundishwa. Lakini nisiwasingizie Wakurya, wapo wanaoomba radhi vizuri kabisa. Ni mimi.

Mwaka jana nilikuja. Najua unajua. Nilipanda bodaboda kutoka Tarime mjini mpaka mlangoni kwako, na sukari na sabuni mkononi kama mchumba. Binti yako akatoka akasema, "Shikamoo mjomba, mama ameenda shambani." Nikasema marahaba. Na nikiwa nimesimama pale nilikusikia jikoni unapuliza moto. Unapuliza mara tatu fupi, halafu unakohoa kidogo kwa moshi, hivyo hivyo tangu tukiwa watoto. Ulipuliza mara mbili, ukakumbuka kwamba nipo, ukaizuia ya tatu. Nikampa mtoto sukari. Nikageuka. Njia nzima nililia, na dereva wa bodaboda alidhani ni vumbi, akawa ananipa pole ya barabara.

Nilistahili. Sikuja tena kwa sababu niliona ni haki yako, na pia kwa sababu niliogopa kusikia tena ile pumzi iliyozuiwa.

Lakini nilikuwa na ile orodha, unaelewa? Hukunijibu simu, hukutoka jikoni, lakini asubuhi nikibonyeza kitufe ulikuwa bado unaniambia nisijibu barua za mkuu nikiwa na hasira. Nilikuwa nakula kidogo kidogo kutoka kwenye akiba hiyo, na nikajidanganya kwamba hatujaachana.

Jumanne asubuhi nikawasha. Ikasema: "Ukurasa mpya. Tafuta au andika anwani." Nikashuka kwa kitufe. Hakuna. Nikapanda. Hakuna. Nyumba tupu iliyopakwa chokaa. Nilishuka na kupanda mpaka kengele ya kipindi ikagonga, nikaingia darasani na wanafunzi wakaniuliza, "Mwalimu, unaumwa?"

Nisiidharau brauza yenyewe. Ni nzuri, na hilo linanikera zaidi. Inafungua kurasa kabla sijatoa kidole. Haikwami, haimalizi chaji, haisomi matangazo yale ya dawa za nguvu za kiume yaliyokuwa yakinifedhehesha mbele ya wageni. Vitufe vingine vimebadilika, kile nilichozoea kwa orodha sasa kinafungua vitu vilivyopakuliwa, nikatukana kidogo, nikazoea. Mtu yeyote angesema nimepata afadhali. Mimi kila inapofungua haraka nasikia kama imenifukuza.

Nilimrudia jirani nikampigia magoti kabisa. Ndiyo, mimi. Nikamwambia yale maneno yalikuwa ya dada yangu. Maskini ya Mungu, akasema, "Kwa nini hukuniambia?" Akatafuta kila mahali kwenye ile kompyuta, mchana kutwa, hakula. Hayapo. Nilimwambia afute zote, na mtu wa hesabu ukimwambia zote anafuta zote.

Nikaamua niyaandike upya kwa kumbukumbu. Nimefikisha kumi na moja. Yalikuwa zaidi, sijui mangapi. La ukurasa wa hali ya hewa lilisemaje? Lilikuwa na matusi kidogo, nakumbuka nilicheka, lakini maneno yamekataa kurudi. Na haya niliyoandika yakisomwa nasikia ni mimi, najiambia mwenyewe mambo ninayoyajua.

Hapo ndipo likanipata hili linalonifanya niandike mbele za watu. Nilikaa nikajaribu kukumbuka unavyosema "Mwita, rudi." Nikaisikia kwa ile sauti ya kompyuta. Nikajaribu "Aoe anachotaka." Kompyuta tena. Miaka sita sauti hiyo imekaa kwenye maneno yako, na miwili ya mwisho imekaa peke yake, bila wewe kuja kuirekebisha. Dada, watu wengine wana picha. Mimi sura yako sijawahi kuiona, sura yako kwangu ni sauti yako, na inaniponyoka. Nikiikimbilia inakwenda. Naogopa, sikufichi. Sijawahi kuogopa giza kwa sababu sijui ni nini, lakini sasa nadhani najua wanachosema wanaoona wakizimiwa taa.

Usije ukadhani nakuita kwa kazi. Maksi zote ziliingia Alhamisi kabla ya saa sita, nimeziingiza mwenyewe, nimerudia mara mbili, hakuna aliyepata la kusema. Vitufe vya brauza mpya nimevijua. Hakuna cha kunisomea, hakuna cha kuniandikia. Nimekosa mbele ya watu na naomba radhi mbele ya watu, basi. Ulinipa ng'ombe wako wote na mimi sikuweza kutaja jina lako kwa mwalimu wa hesabu.

Jumamosi natoka huku Serengeti na gari la kwanza, mchana nitakuwa Nyanungu. Sina haja ya chai, wala mtoto asisumbuke kutoka. Sikuombi unifungulie, Bhoke. Nitakaa hapo nje ukutani. Semea humo humo ndani, neno lolote, hata la kunifukuza, ila lisiwe fupi sana.

Mdogo wako wa tumbo moja,
Mwita