Kiti Mbele ya Subilaga

Tukuyu, 9 Julai 1999

Wakwe zetu mliokutana Lufingo,

Nawasalimu kwa heshima. Baridi huku imekaza, na watoto hawajambo. Barua hii naomba aisome mchungaji, wala si shemeji Jairo, ndugu wa marehemu.

Nimesikia mnakusudia kumpokonya dada yangu Subilaga shamba la chai aliloachiwa na marehemu mumewe, kwa sababu watafiti wa ubongo walimpima akashindwa. Walimwonyesha miraba minne ya rangi kwenye kompyuta, wakaifuta, wakairudisha, wakamtaka aseme upi umebadilika. Alikosa karibu yote. Jairo akacheka mbele yenu: "Asiyeshika rangi nne atashikaje mipaka ya shamba?"

Nilimuuliza dada. Akanijibu: "Kaka, ningetazamaje? Baba mkwe aliketishwa nyuma ya kompyuta, uso kwa uso na mimi!"

Watafiti ni wageni. Hawakujua kwamba kwetu mkamwana hamtazami baba mkwe, hivyo wakaandika kwamba hana umakini, kumbe alikuwa ameinamia miguu yake kwa adabu. Lakini aliyepanga viti ni Jairo, mzaliwa wa Lufingo. Na anayelitaka shamba ni Jairo. Simshtaki mtu, ndugu zangu. Nauliza tu kama hayo yalitokea kwa bahati.

Watafiti wamekubali kumpima upya Jumamosi. Mzee wetu namwomba radhi, abaki nyumbani kwake. Mbele ya dada akae Jairo: huyo ni shemeji yake, dada anaruhusiwa kumtazama machoni.

Shemeji yenu ninayesubiri jibu,
Ambilikile