Asubuhi ya Mtihani Wangu

2 Aprili

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Huku wazima, ila miguu ya Dada imevimba. Cherehani yako imepona?

Nina jambo sijamwambia mtu. Namwonea wivu Dada na tumbo lake. Tangu aje kujifungulia hapa nyumbani analala kitandani kwangu, mimi nipo sebuleni. Lakini wivu ulianza Novemba, siku ya kwanza ya mtihani wangu wa mwisho. Mama aliahidi kunisindikiza. Asubuhi hiyo Dada, aliyekuja kututembelea, akatapika kwa mara ya kwanza, na Mama akabaki kumshika kichwa. Nikaenda peke yangu. Hadi leo hakuna aliyeniuliza maswali yalikuwaje.

Mwanao

14 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Cherehani imepona, sasa mgonjwa ni mgongo wa mshonaji.

Usijione mbaya. Mimi nilimnunia baba yako mwaka mzima kwa sababu ya viatu vipya. Ila kama Dada yako alianza kutapika Novemba, mbona mama yako aliniandikia kwamba Dada yako atajifungua mwezi huu? Hata miezi minane haijafika. Waambie. Usifunge mdomo kama kawaida yako.

Na maswali yalikuwaje?

Shangazi yako

9 Mei

Shangazi,

Shikamoo, na pole na mgongo. Nimekawia kwa sababu tulikuwa hospitali.

Sikuwaambia. Niliogopa kuulizwa nimekumbukaje. Kisha Dada akashikwa na uchungu. Nesi akauliza mimba ina muda gani. Dada hakumbuki tarehe zake, Mama akajibu miezi tisa, tumbo si unaliona. Nesi akasema basi sindano ya kukomaza mapafu ya mtoto haina haja, hiyo ni ya wanaozaa kabla ya wakati. Nilikuwa nimeshika beseni. Nikaliweka chini, nikamfuata mlangoni, nikamwambia mtoto bado hajatimiza miezi, na kwa nini najua.

"Una hakika?"

"Nilimwonea wivu. Siku ile siisahau."

Hakucheka. Alimwita daktari, wakampima upya, Dada akachomwa sindano pajani na kupewa dawa ya kuchelewesha uchungu. Mtoto alizaliwa siku mbili baadaye. Anajaa viganja viwili tu, lakini anapumua mwenyewe. Tunambeba kifuani kwa zamu, ngozi kwa ngozi. Dada akimchukua zamu yangu ikiisha, wivu unarudi, mwingine kabisa.

Maswali ya kwanza yalinishinda, ya mwisho niliyaweza. Asante kwa kuuliza.

Mama anawaambia wageni nilikumbuka kwa jinsi ninavyompenda Dada, na Dada akisikia analia. Shangazi, nakuomba, waache waamini hivyo. Ukweli ubaki kwako na kwa yule nesi.

Mwanao